Pikipiki Iliyoshusha Pumzi

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mtoto mchanga wa binti ya dada yangu. Mama mtoto ni nesi, msichana wa kisasa, ana vipimo vya kila kitu hapo kando ya kitanda: cha homa, cha uzito, cha maziwa. Nilipompakata mtoto, harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Nikapandisha mkono wa fulana yake, na kweli, kipande cha kitambaa cheusi kimefungwa kwa uzi juu ya kiwiko, kimefichwa mgeni asikione. Mvuje, ile gundi ya dawa ya kukinga jicho. "Ni mama mkwe," akasema mama mtoto haraka haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Nikacheka. Kisha nikaanza kulia, na wote wakadhani ni ile harufu imenichoma macho, maana anayeujua mvuje anajua haubembelezi mtu. Hunuka kama kitunguu thomu kilichooza ndani ya kiatu.

Lakini kwangu mimi mvuje haunuki peke yake. Kila nikiunusa, nyuma yake nasikia harufu ya petroli.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Mji wa Kale wa Mombasa mtakumbuka kwamba pikipiki siku zile zilikuwa chache, na kila moja tuliijua ni ya nani kwa mlio wake tu. Ya Baba ilikuwa na umri kunizidi mimi. Aliinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa watu wengine wawili, akaitengeneza, akaizoea kama mtu anavyozoea punda mkaidi. Kazi yake ilikuwa fundi wa vyerehani. Si mshoni, fundi wa mashine zenyewe: alizunguka kisiwa kizima na mkoba wake wa zana, kwa washoni wa Marikiti, kwa mabibi wa majumba makubwa ya Kizingo wanaoshona mapazia, kwa wajane wenye cherehani moja chumbani. Sikio lake la kulia lilikuwa zito tangu ugonjwa wa utotoni, na la kushoto halikuwa na sifa kubwa, basi alisikiliza kwa vidole. Huweka vidole vitatu juu ya mashine, hufumba macho, na mwenye mashine hunyamaza kama yuko kwa daktari.

Baba alikuwa mtu wa Kwale. Alioa nyumba ya kina Mama, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, na nyumba ilikuwa ya Bibi, mamake Mama. Chini ilikuwa karakana ya Baba, juu tukiishi sisi. Bibi ndiye aliyeitwa mtaa mzima kufunga watoto wachanga mvuje ili jicho la husuda lisiwapate, na vidole vyake havikuisha ile harufu hata akioga mara tatu. Alikuwa mtu wa kale kwelikweli. Mkwe kwake ni mtu wa kustahiwa, na stahi yake ilikuwa kutosema naye moja kwa moja. Baba anaweza kuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, Bibi ageuke kwangu: "Muna, mwambie babako chai ishakuwa tayari." Naye Baba, anayetazama ile chai kwa macho yake mawili: "Muna, mwambie Bibi ahsante, naja." Kila jioni Baba alipita Ndia Kuu akamnunulia tambuu ya kutafuna, akaitia mkononi mwangu, nami nikaitia mkononi mwa Bibi. Niliwahi kusikia wanawake wakinong'ona kwamba Bibi alimtakia Mama mume wa mtaani, mtu anayejulikana babu zake. Basi mimi nilikuwa na yakini kwamba Bibi hampendi Baba, na kwamba nisingekuwepo mimi wa kupeleka maneno, nyumba ingekuwa kimya kama msikiti baada ya sala.

Skuli yangu ilikuwa Kizingo, na kila asubuhi Baba alinipeleka. Safari haikuwa ndefu. Tunatoka Ndia Kuu, tunapita Ngomeni, kisha tunaingia zile barabara zenye miti mikubwa na kivuli cha baridi. Ninaweka shavu mgongoni kwake, ninanusa mafuta ya cherehani kwenye shati lake, naye ananipigia kelele za upepo: "Nyumba ile ya lango jeupe, cherehani yao yala uzi! Ile ya pili yapiga chafya!" Siku nzima Baba alikuwa wa watu. Zile dakika za asubuhi alikuwa wangu peke yangu, na nilizipenda kuliko chochote nilichokuwa nacho.

Idd ya mwaka ule Baba aliipaka pikipiki rangi mpya, buluu. Tulipotoka siku ya Idd, mimi na gauni langu la kitambaa cha malai, mwanamume mmoja aliyekaa barazani akapiga kofi akasema kwa sauti: "Tazameni fundi na bintiye! Mombasa nzima hakuna wanaopendeza kama hawa!" Watu wakacheka, Baba akainua mkono, tukaenda zetu.

Bibi alikuwa dirishani juu. Tuliporudi tukamkuta amekunja uso. "Hakusema mashaallah," akamwambia Mama.

"Ni mzaha tu, Mama."

"Jicho halina mzaha. Kawasifu mbele ya watu, na mashaallah hakusema."

Wiki ileile pikipiki ikaanza ugonjwa.

Tulikuwa tumeshaingia Kizingo. Kwanza ilisita, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Ikakohoa. Baba akazungusha gesi, badala ya kuongeza mwendo ikazidi kulegea, mlio ukawa mwembamba mpaka ukakatika. Tukashuka. Baba akafungua kifuniko cha tangi kutazama kama kuna petroli, akaitikisa, petroli tele, alikuwa amejaza jana yake. Akafunga. Akapiga kiki. Ikawaka palepale, tukafika skuli kama hakukutokea kitu.

Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Inaweza kupita siku mbili nzuri, hasa petroli ikiwa imepungua, kisha akijaza tu, inarudia. Lakini Baba akiwa peke yake, kutoka duka hadi duka, safari fupi fupi za kusimama kila mara, ilikwenda bila matata. Mimi nikipanda, tukishika njia ya Kizingo, ndipo inapokufa.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo nililisikia mimi peke yangu. Kila tukishuka, punde kidogo, pikipiki ilitoa sauti: fsss. Sauti ndogo, ndefu, kama ya mchukuzi wa Marikiti anapotua gunia. Nilimtazama Baba, hakuonyesha kusikia. Nami nikajua maana yake. Pikipiki ilikuwa inashusha pumzi kwa kuwa nimeshuka.

Baba aliipeleka kwa Fundi Karisa, Makadara, rafiki yake aliyekuwa na gereji ndogo ya pikipiki. Nilikwenda naye Jumamosi tatu mfululizo. Mara ya kwanza Karisa akabadilisha plagi. Mara ya pili akaifumua kabureta, akaiosha kipande kwa kipande, akaipuliza matundu yake kwa mdomo. Mara ya tatu akasafisha chujio la hewa na kukaza mnyororo. Kila mara alianza kwa kufungua tangi achote petroli ya kuoshea vyuma, na kila mara akiijaribu ilinguruma kama mpya. Leo naiona sababu yake. Siku zile hatukuiona sote watatu.

Ile Jumamosi ya tatu Karisa alijifuta mikono kwa tambara akasema, "Fundi mwenzangu, mimi nimefika mwisho. Ikiwa tupu inakwenda. Ukimpakia mtoto inakufa. Injini imezeeka, haivuti mzigo tena. Iuze ingali na rangi nzuri, mtoto umtafutie skuli ya karibu."

Baba aliweka vidole vitatu juu ya tangi. "Nitaitazama mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Ikiendelea hivi, sina budi."

Nilikuwa na umri wa miaka minane, na nikaambiwa mimi ndiye mzigo. Hakuna aliyekusudia kuniambia, lakini ndivyo nilivyosikia, tena kwa kinywa cha fundi. Basi nikaamua kupungua.

Nilianza na mkoba. Nikaacha atlasi nyumbani, kisha kitabu cha hesabu, mwalimu akanisimamisha nyuma ya darasa siku mbili na sikusema neno. Kisha nikaingia kwenye chakula. Mahamri ya Bibi ya asubuhi, yale ya iliki yanayofura kama mto, nikayamega kidogo mbele ya macho yao, mengine nikayafunga kwa karatasi ya daftari nikayatia mkobani. Wali wa mchana nikawapa paka wa kichochoroni, na paka wale walininenepea mpaka wakawa hawataki tena kukimbia panya. Maji nikanywa funda mbili tu. Juu ya pikipiki nilijiinua kidogo kutoka kitini, nikajaza hewa kifuani nikaikaza humo, nikiamini kwamba mtu aliyejaa hewa huwa mwepesi kama puto. Nilifika skuli macho yamenitoka.

"Muna, mbona huli?" Mama akauliza.

"Nimeshiba."

Bibi alinishika shavu kwa vidole vyake vyenye mvuje. "Mtoto anakonda," akasema, akamtazama Mama kwa jicho la nilikwambia. Akanifukizia ubani kutwa nzima. Nami ubani niliuona ni chakula kizuri, hauna uzito.

Pikipiki haikunionea huruma. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku chache, na bado ilikata palepale, na bado ilishusha ile pumzi. Nilikuwa naona wazi kwamba sijapungua vya kutosha.

Siku yenyewe nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana yake mchana. Tulipopita Ngomeni jua likanipiga usoni na barabara ikaanza kuwa nyeupe. Nikajikaza. Tulipoingia kwenye kivuli, masikio yakaanza kuvuma, na mikono yangu niliyomzungushia Baba tumboni ikawa si yangu tena. Sikumbuki kuiachia. Nakumbuka mkono wake ukija nyuma ghafla, ukinibana kwenye mgongo wake kwa nguvu, na pikipiki ikiyumba hadi pembeni. Masikio hayakumwambia kitu, lakini mgongo ulimwambia.

Alinilaza nyasini nje ya ukuta wa nyumba fulani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alifungua mkoba wangu kutafuta maji, akatoa kifurushi cha karatasi, cha pili, cha tatu, cha nne. Mahamri ya siku nne, karibu yote magumu kama mawe. Akayapanga nyasini akayatazama.

"Muna. Ni nini hii?"

Nikalia. Nilimwambia yote, bila mpangilio, na kamasi juu: Fundi Karisa, mzigo, paka, atlasi. "Mimi ni mzito, Baba. Nimejaribu, sipungui. Usiiuze. Nitakwenda kwa miguu, wewe uwe nayo."

Baba alinivuta kifuani akanishika kitwa, kama walivyokiita kichwa yeye na Bibi, akakikandamiza shingoni kwake, na nikasikia koo lake likipanda na kushuka. Sijawahi kumwona babangu akilia, na siku ile pia sikumwona, kwa kuwa aliushikilia uso wangu palepale mpaka akamaliza.

"Nani alokwambia wewe ni mzito?"

"Yenyewe. Nikishuka tu hushusha pumzi."

"Pumzi gani?"

"Ile ya fsss."

Akanitazama. "Fsss? Wapi? Nikisimama?"

"Ukifungua tangi."

Akakunja paji la uso. Kisha akainuka, akanipa hamri moja lililokuwa la asubuhi ile, bado laini, na chupa ya maji. "Kula. Ukimaliza, nitazame. Usiondoke hapo." Akaiwasha pikipiki akaondoka peke yake, akazunguka barabara ile, akarudi akanipita, akazunguka tena. Mzunguko wa tatu au wa nne nikaisikia ikisita. Ikakohoa. Ikafa mbele ya lango jeupe, na Baba akaja akiisukuma, jasho linamtoka, anatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Umeona? Sikuwa nawe! Nani mzito sasa? Mzito ni mimi?"

Akanishika mkono akaniweka karibu na tangi. "Mimi sina masikio. Sikiliza wewe." Akafungua kifuniko pole pole.

Fsss.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Haishushi pumzi, mwanangu," akasema. "Inavuta. Tangi likimaliza petroli lahitaji hewa iingie mahali pake, la sivyo petroli haishuki. Hii imezibwa pua." Alikifunga kifuniko nusu nusu, akaniketisha mbele yake badala ya nyuma, na tukaenda taratibu mpaka skuli. Haikukohoa hata mara moja. Nilikula mahamri mawili njiani, yote magumu, na sijala mahamri matamu kama yale.

Jioni ile niliporudi nikamkuta karakanani, kifuniko kiko mezani chini ya taa ya cherehani. Katikati yake palikuwa na tundu dogo la hewa, na tundu lilikuwa limejaa kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa kama gundi iliyokauka. Baba akakikwangua kidogo kwa ncha ya sindano, akanusa. Akanipa mimi ninuse.

Hakuna mtoto wa nyumba ile ambaye asingeijua harufu ile. Tulitazamana. Juu yetu tulimsikia Bibi akikokota ndara zake kutoka jikoni hadi dirishani.

Niliiona picha yote kwa mara moja: Bibi, siku ya Idd, ameshuka ngazi kwa shida na magoti yake mabovu, analainisha mvuje kwa vidole, anatafuta mahali pa kuuficha asije mkwe akamwona, akakipata kile kitundu ambacho kwake kilikuwa kama kimewekwa kwa kazi hiyo. Aliukandamiza vizuri. Jua likauyeyusha, ukashuka, ukaganda.

"Nikamwite?" nikauliza. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Siku zote zile za njaa, na fundi wa balaa lenyewe alikuwa ghorofani.

"Nyamaza," akasema Baba. Alikigeuza kile kifuniko mkononi muda mrefu. Kisha akakibana kwenye jiliwa, akachukua keekee yake nyembamba kuliko zote, na karibu na ukingo, mbali na mvuje, akatoboa tundu jingine. Akalipuliza. Hewa ikapita. Ule mvuje akauacha ulivyo.

"Bibi haambiwi," akasema. "Umenielewa? Aliyokusudia ni mema. Hebu nenda kale."

Akatoka akaenda Ndia Kuu kama kawaida yake, akarudi na tambuu, akaitia mkononi mwangu, nami nikampelekea Bibi. Alipoifungua akatua kidogo, kisha akaitia mdomoni. Nikamwambia pikipiki imepona. "Mwaona?" akasema kumwambia Mama, anatafuna. "Dua haipotei."

Asubuhi yake tulipokuwa tunapanda, Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Si kawaida yake kushuka. Alimtazama Baba usoni, akasema naye, moja kwa moja, bila kunipitia mimi: "Baba Muna. Enda taratibu na mwanangu. Na wewe pia, ujitunze."

Baba alishtuka. "Inshaallah, Mama," akasema mwishowe.

Tangu siku ile hakunituma tena neno kwake. Mimi nilinuna wiki nzima, nikiona nimefutwa kazi.

Baba ameshatangulia mbele ya haki. Kwenye saraka ya meza yake, alimoweka sindano, nilikikuta kile kifuniko, kina matundu mawili, moja wazi na moja limeziba. Bibi alimtangulia kwa miaka mingi, na kabla hajafa nilikuwa nikilala chumbani kwake kumwuguza. Adhuhuri moja, nikimkanda miguu, nikamwuliza kilichonikaa moyoni tangu utoto: kwa nini alianza kusema na Baba ghafla vile?

"Tambuu yake," akasema.

"Tambuu gani, Bibi?"

"Ile aloniletea siku pikipiki ilopona. Ilikuwa yanuka mvuje, kutoka vidoleni mwake. Nikajua kaukuta. Nikajua ni mimi nlowatesa." Alipumzika kidogo. "Nikangoja aseme. Hakusema. Alfajiri nikashuka kutazama, nikaona mvuje wangu u palepale, na tundu jipya kando yake. Nikakaa kwenye ngazi nikalia peke yangu. Nikasema, huyu ni mwanangu nami sikumjua."

Nikaendelea kumkanda. Kisha nikamwuliza, "Na ile tambuu, Bibi? Uliitema?"

Akafumbua macho akanitazama kama nimemtukana.

"Niitemeje, na kaniletea yeye? Niliitafuna yote."